Juma, Jina la Mtoto wa Ijumaa

Mwalimu wa hesabu akitaka mtu wa kwenda sokoni kununua maembe, humtuma Juma. Mwandishi wa kitabu cha sarufi akitafuta mtenda wa sentensi yake, humwandika Juma: Juma anasoma, Juma alisoma, Juma hakusoma. Hata wanaisimu wa vyuo vya Ulaya na Marekani, wanapochambua kitenzi cha Kiswahili, makala zao hazikosi Juma. Jina hili limezoeleka mno hata tumeacha kulisikia. Mzazi kijana akishauriwa ampe mwanawe jina hilo, huona anarudishwa nyuma. Atasema ni jina la wazee, la vitabuni, la kila mtu. Mimi nashikilia kwamba Juma ni miongoni mwa majina bora ambayo lugha yetu inaweza kumpa mtoto wa kiume, na ubora wake una sababu inayoelezeka. Ni jina la ushahidi. Halimtakii mtoto utajiri, halimsifu kwa ushujaa ambao bado hajauonyesha, wala halimtwishi ndoto ya mzazi wake. Linataja siku aliyofika duniani, na siku yenyewe ni ile ambayo watu huacha shughuli zao wakakutana. Anayeanza maisha kwa jina la namna hiyo ameanza kwa kuhesabiwa pamoja na wengine.

Tuitazame siku yenyewe. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliiita Aruba. Jina lililokuja kushika mahali pake linatokana na shina la maneno lenye maana ya kukusanya na kukusanyika. Kurani ina sura inayoitwa kwa jina la siku hiyo, sura ya 62 yenye aya 11, na ndani yake waumini wanaamrishwa waache biashara wito wa swala unapotolewa, kisha swala ikiisha watawanyike kutafuta riziki. Amri hiyo ina uzito wa kijamii tusioufikiria mara nyingi. Swala nyingine mtu anaweza kuiswali peke yake, nyumbani, shambani au ndani ya jahazi. Ya Ijumaa haiswaliwi na mtu mmoja. Sharti watu wakutane, wapange safu, wasikilize hotuba ya imamu. Miji ya Waswahili ilijengwa kwa kuzingatia sharti hilo. Msikiti wa mtaa ulikuwa wa mtaa, ila msikiti wa Ijumaa ulikuwa wa mji mzima, wenyeji na wageni. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107, na watu wangali wakiswali humo. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ambao magofu yake tunayaona leo ulipanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14, siku za fahari ya mji huo. Basi baba wa pwani alipomwita mwanawe Juma hakuwa akiokota neno la kigeni lililopita njiani. Alikuwa akimpa jina la tukio ambalo mji wake ulilitimiza kila baada ya siku saba, karne baada ya karne.

Kiswahili kilikwenda mbali zaidi. Sisi hatukuishia kuazima jina la siku. Tulilifanya kuwa kipimo cha wakati. Juma kwa Kiswahili ni mzunguko mzima wa siku saba, na siku zetu tunazihesabu kuanzia mwisho wa Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Baada ya hapo hesabu inasimama ghafla, na siku mbili za mwisho zinabaki na majina ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa. Matokeo yake tuna siku ya tano mara mbili, kwa kuwa Alhamisi nayo katika Kiarabu maana yake ni ya tano, ikihesabiwa kutoka Jumapili. Mgeni anayejifunza lugha hutatizika hapo. Mswahili hatatiziki, kwa sababu kwake siku mbili hizo zilikuwa na heshima yao na hazikuhitaji tarakimu: Alhamisi ni mkesha, na Ijumaa ndiyo siku. Nikisema kwamba mvulana anayeitwa Juma amebeba jina la kipimo kinachotumika hata na mtu asiyewahi kuingia msikitini, anayeahidi kulipa deni juma lijalo au kusafiri mwishoni mwa juma, sitii chumvi.

Tena siku hiyo ya kale ilikuwa na mipaka yake, na anayetaka kumpa mtoto jina kwa uaminifu lazima aijue. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku haianzi saa sita ya usiku kama saa za ofisini zinavyotaka. Inaanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi ni Juma kamili, na aliyezaliwa Ijumaa baada ya magharibi amekwisha kuukosa Ujuma, ni wa Jumamosi. Mkunga wa zamani alilijua hilo bila kutazama saa.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kwanza ya jina hili, thamani ya kumbukumbu. Kabla ya tangazo la kizazi na cheti, jina ndilo lililokuwa daftari. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe; walihesabiwa kwa mwaka wa njaa, mwaka wa vita, mwaka wa nzige, na siku yao ikawekwa ndani ya jina ili isipotee. Kuna watakaodhani daftari la namna hiyo ni dhaifu. Ushahidi mzuri wa kuwajibu unatoka upande wa pili wa bara, kwa Waakani wa Ghana, ambao nao humpa kila mtoto jina la siku yake. Kwame ni wa Jumamosi, na Kofi, mwenzake Juma, ni wa Ijumaa. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938. Ukirudi katika kalenda utaikuta ni Ijumaa. Kisa cha Kwame Nkrumah kina funzo kubwa zaidi. Padri aliyembatiza alimwandikia tarehe 21 Septemba 1909, na tarehe hiyo ndiyo iliyoshikwa katika karatasi zake. Lakini 21 Septemba 1909 ilikuwa Jumanne. Nkrumah mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1957, alieleza kwamba alichokuwa na hakika nacho ni kuwa alizaliwa Jumamosi, katikati ya Septemba. Jumamosi iliyo karibu na tarehe ile ni ya 18. Karatasi ilikosea, jina halikukosea. Mama aliyejifungua huenda asijue tarehe ya Wazungu, lakini siku ya soko, siku ya ibada na siku ya mapumziko haimpotei, na akishamwita mwanawe kwa siku hiyo mara elfu kwa mwaka, hakuna karani anayeweza kuifuta.

Nimetaja Ghana kwa sababu inatusaidia kuelewa jambo linalotatanisha. Kama Juma lingekuwa jina la dini peke yake, lingebaki misikitini. Halikubaki. Limeingia bara, likapanda mpaka Ziwa Viktoria na kuvuka Ziwa Tanganyika, likakaa katika koo ambazo hazijawahi kuwa za Kiislamu. Naamini sababu ni kwamba lilikuta mahali palipokwisha kutayarishwa. Watu wa bara walikuwa na desturi ya kuwaita watoto kwa wakati wao tangu zamani. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa alfajiri ni Omondi, wa jua kali ni Ochieng, wa jioni ni Odhiambo, na mvua ikinyesha ni Okoth. Mkamba wa usiku ni Mutuku na wa asubuhi ni Kioko. Wabukusu wana Wafula wa mvua, Simiyu wa kiangazi na Wanjala wa njaa. Msukuma aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula. Kwa watu kama hawa, jina linalosema mtoto alizaliwa siku fulani halikuhitaji kuelezwa. Waliutambua utaratibu wao wenyewe ndani ya neno jipya, nao hawakukosea.

Misafara ya biashara ndiyo iliyolibeba, na athari zake zipo mpaka leo. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyevuka bara kutoka mashariki hadi magharibi kati ya 1873 na 1875, alimkuta huko Urua, katika nchi ambayo leo ni Kongo, mfanyabiashara aliyeitwa Juma Merikani, akausifu sana ukarimu wake. Mtu huyo alijulikana kwa vitu viwili, siku na kitambaa cha merikani kilichokuwa fedha ya njia zile. Kongo ya leo huliandika jina kwa tahajia ya Kifaransa, Djuma, na mashabiki wa soka wa Dar es Salaam walilijua vizuri pale beki Djuma Shabani alipojiunga na Yanga mwaka 2021: Ijumaa na mwezi wa Shaaban katika mtu mmoja, ametoka magharibi mwa ziwa na kurudi kwenye bahari ambako jina lake lilianzia safari. Waturuki nao wanalo, wakiandika Cuma. Sijui jina jingine la mvulana wa Kiswahili ambalo linaweza kuitwa katika kituo cha basi cha Bujumbura, Mombasa, Maskati na Istanbul na katika kila mji mtu akageuka.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana zipo, na moja ni nzito. Wapo wanaosema Juma ni jina la kitumwa. Wana hoja. Katika mashamba ya karafuu na katika nyumba za matajiri wa pwani, mtu aliyetekwa bara na kuletwa pwani alinyang'anywa jina la kwao akapewa la haraka: Juma, Khamisi, Mabruki, Feruzi, Almasi. Jina la siku lilikuwa rahisi kwa bwana asiyetaka kujua mtu wake alikuwa nani kabla ya kununuliwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hayo si mambo ya mbali. Wapo wazee waliolelewa na watu waliouonja utumwa. Daniel Defoe, katika riwaya yake ya Robinson Crusoe ya mwaka 1719, alionyesha tendo lile lile bila kuona aibu: mtu aliyeokolewa anaitwa Ijumaa kwa sababu ndiyo siku aliyookolewa, na hakuna anayemuuliza jina lake. Nayakubali yote haya. Lakini dhuluma ilikuwa katika kumpokonya mtu jina la wazazi wake. Neno lenyewe lilikuwepo kabla ya dhuluma hiyo, na waungwana walilibeba vilevile. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyeogopwa kutoka Tabora hadi mto Kongo, alikuwa mwana wa Muhammed bin Juma bin Rajab. Babu yake, Mwarabu wa ukoo wa Murjebi, aliitwa Juma, na baba wa babu akaitwa kwa mwezi. Jina moja lilikuwa la mfanyabiashara wa watumwa na la mtumwa anayefunga mzigo wake. Tukiliacha kwa sababu ya mmoja, tutakuwa tumemwachia mwingine.

Naongeza kwamba waliopewa jina hilo kwa dhuluma hawakulitupa uhuru ulipokuja. Wengi waliwarithisha wajukuu. Huo ni uamuzi wao na una heshima yake: mtu aliyelitamka jina lake kama mali yake amelikomboa. Mimi siwezi kuwaambia wajukuu hao kwamba jina la babu yao ni chafu.

Pingamizi la pili linatoka pande mbili zinazokinzana, na hilo peke yake linanifanya nilione kuwa halina nguvu sana. Upande mmoja wapo Waislamu wanaosema Juma si jina la mtume wala la sahaba mashuhuri, na kwamba mtoto apewe Abdallah, Abdulrahman au Muhammad. Ni kweli mapokeo ya Mtume yanayataja Abdallah na Abdulrahman kuwa majina yapendezayo zaidi kwa Mungu. Lakini mapokeo hayo hayo yanaitaja Ijumaa kuwa siku bora kati ya zote ambazo jua huchomoza, na kwamba ndiyo siku aliyoumbwa Adamu. Jina lenye maana njema halikatazwi kwa kuwa lipo lililo bora. Upande wa pili wapo Wakristo wanaoliogopa kwa sababu lina harufu ya msikiti. Wao nawakumbusha kwamba lugha hii hii imewapa Ijumaa Kuu, siku nzito kuliko zote katika kalenda yao, na kwamba magharibi mwa Kenya Juma limekaa katika familia za Kikristo kwa vizazi. Profesa Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 kando ya Ziwa Viktoria na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard mpaka alipofariki mwaka 2017, alikuwa na jina la ubatizo mbele na Juma nyuma, na hakuna aliyeona kwamba majina hayo mawili yanagombana. Huko Harvard alizungumzia sayansi na kilimo cha Afrika mbele ya ulimwengu, na kila alipotambulishwa, neno la siku yetu lilitamkwa.

La tatu ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi: limezidi kuwa la kawaida. Darasa moja lina Juma watatu. Mtoto atapotelea humo. Pingamizi hili linadhani kwamba jina moja lazima lifanye kazi yote ya kumtofautisha mtu, jambo ambalo halijawahi kuwa desturi yetu. Kwetu mtu hutambulika kwa mfuatano: Juma Hamisi si Juma Rajabu. Watu wa mtaani huongeza alama zao, wakapata Juma fundi, Juma mrefu, Juma wa Bi Mwajuma, na hakuna barua iliyowahi kupotea kwa sababu hiyo. Wenye jina moja huitana somo au wajina, na huo si utani mtupu. Kuna undugu mdogo unaozaliwa pale, wa kusaidiana foleni ya maji na kualikana harusini. Yule anayeitwa jina ambalo hakuna mwingine katika wilaya nzima hana wajina. Naelewa mvuto wa jina la pekee, lakini naomba tulipime vizuri. Jina la pekee humwambia mtoto kwamba yeye ni tofauti na watu kabla hajafanya lolote la tofauti. Juma humwambia ni mmoja wao. Tofauti ataitafuta kwa kazi yake. Na wameipata. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, mara ya kwanza akiachwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Juma Mwapachu aliongoza sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2011. Juma Kaseja alilinda lango la Taifa Stars, na Juma Nature akaimba habari za Temeke vijana wa nchi nzima wakaitikia. Hakuna kati ya hawa aliyepotelea ndani ya jina lake.

Likiwa jina la ukoo pia lina sauti yake. Dk. Omar Ali Juma alikuwa Makamu wa Rais wa Tanzania tangu 1995 mpaka alipofariki mwaka 2001. Ibrahim Hamis Juma alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 2017 hadi 2025, na katika majina yake Alhamisi inafuatwa na Ijumaa kwa mpangilio sahihi. Mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, alikuwa na siku mbili hizo hizo, naye Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971, alitoka katika ukoo huohuo. Ukisoma orodha za namna hii unaanza kuona kwamba ukoo wa Kiswahili ulikuwa ukijiandikia kalenda yake, kizazi baada ya kizazi: Rajabu, Shabani, Ramadhani, Iddi, Masika, Hamisi, Juma, na kwa upande wa wasichana Mwajuma, Mwanaidi na Chausiku.

Kuna atakayeniuliza, kama jina ni ushahidi wa siku, mbona akina Juma wengi hawakuzaliwa Ijumaa? Swali ni la haki na linanilazimu nipunguze ukali wa hoja yangu. Mfano mzuri ni mshairi wetu mkuu. Shaaban Robert, kwa tarehe inayotajwa katika wasifu wake, alizaliwa Vibambani, Tanga, 1 Januari 1909. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na mwezi wa Kiislamu ulikuwa Mfungo Tatu, siyo Shaaban. Kwa kanuni ya siku angeitwa Juma. Kwa kanuni ya mwezi jina lake lisingekuwa Shaaban. Majina haya, basi, yalikuwa na maisha mengine. Jina la siku likishavaliwa na mtu mwenye heshima hugeuka kuwa jina la mtu huyo, na mjukuu hulirithi hata akizaliwa Jumatatu. Hapo ushahidi haupotei, unahama. Mtoto anashuhudia kwamba alikuwapo babu aliyezaliwa Ijumaa, na nyumba inalitunza hilo kwa namna yake: mama hawezi kumkaripia mtoto mwenye jina la mkwewe kwa kulitamka jina hilo, humwita babu, na mtoto wa miaka mitatu anakua akiitikia kwa cheo cha mzee. Mimi hupendelea Juma wa Ijumaa halisi. Hata hivyo nakiri kwamba Juma wa kurithi ana kumbukumbu ndefu zaidi, kwa sababu anaibeba siku ya mtu ambaye hayupo tena kuisimulia.

Nikiyaweka majina haya mbele ya yale yanayopendwa sasa, tofauti inaonekana wazi. Majina mengi ya leo yametolewa kwenye tamthilia, kwa wachezaji wa ligi za Ulaya au kwenye orodha za mtandaoni, na huchaguliwa kwa sababu yanasikika vizuri. Siwalaumu wazazi kwa kupenda sauti. Jina huitwa, kwa hiyo sauti ina haki yake. Lakini hata katika mizani ya sauti Juma halishindwi. Ni silabi mbili zilizo wazi, mkazo uko kwenye ya kwanza, na linaitika kutoka mwisho wa uwanja bila kukatika. Mtoto anayeanza kusema analiweza mapema, na bibi asiye na meno analiweza pia. Halina tahajia ya kubahatisha. Karani halikosei, na mwenye nalo hatumii maisha yake kuwasahihisha watu. Kuhusu majina ya matakwa, akina Baraka, Bahati na Goodluck, nayaheshimu kwa sababu ni dua. Ila dua hukaa kichwani mwa mtoto kama deni. Bahati aliyekosa bahati ataulizwa maisha yake yote, na jina litamsuta kila anapoanguka. Juma akifaulu ni Juma, akianguka ni Juma, na jina lake lingali kweli.

Kinachonisikitisha ni kuona wazazi wanaojivunia Kiswahili majukwaani wakiona haya kukiandika kwenye tangazo la kizazi la watoto wao. Lugha haiishi katika hotuba za siku ya Kiswahili peke yake. Inaishi pia katika namna tunavyoitana asubuhi. Kila jina la siku tunaloliacha linaondoka na sehemu ya hesabu yetu ya wakati: usiku unaotangulia mchana, juma linaloanza Jumamosi, miezi inayohesabiwa kwa mifungo. Watoto wetu watajifunza hayo wapi, kama hakuna ndugu yao hata mmoja anayeitwa hivyo?

Basi ninakuomba wewe ambaye mwanao wa kiume atazaliwa kati ya magharibi ya Alhamisi na magharibi ya Ijumaa: muuguzi atakapouliza mtoto anaitwa nani, sema Juma, mwelekeze aandike herufi nne bila kuongeza nyingine, kisha lifuate jina la baba na la babu.